Nimekataliwa kabla dakika tatu hazijaisha: nani aliyasoma maombi yangu?

"Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kasulu mjini. Nina stashahada ya ustawi wa jamii na nimejitolea miezi 14 kwenye shirika dogo la hapa hapa linalohudumia watoto. Tangu mwaka jana nimeomba kazi mara 14 kwenye tovuti ya shirika moja kubwa la kimataifa linalofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi. Nikiona tangazo naenda steshenari, kijana wa pale ananijazia kwa shilingi 5,000, kwa sababu Kiingereza cha zile fomu kinanichanganya na simu yangu inaganda. Anatumia imeili yake, jibu likija ananipigia. Mara nyingi haliji kabisa. Mwezi uliopita tulituma siku ya mwisho, saa tano kasoro usiku. Sijafika hata barabarani akaniita: nimekataliwa. Dakika tatu hazikuisha! Rafiki yangu anasema ni kompyuta inayotupa CV zisizo na maneno inayoyataka, akanishauri nibandike maneno ya tangazo chini ya CV kwa rangi nyeupe yasionekane. Shangazi anasema bila mtu wa ndani nisijisumbue. Na wiki iliyopita kuna mtu kanipigia, analijua jina langu na nafasi niliyoomba, anataka 80,000 ili faili langu lipandishwe juu. Hiyo mashine ina nini na mimi? Niendelee au niache?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Umeandika mambo mengi, lakini nikikusikiliza vizuri swali lako ni moja: kuna kitu kimeamua kwamba hufai, sasa kiliangalia nini? Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa hizo tovuti, hapa Kigoma, nikifungua maombi ya vijana wa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na wa hapa mjini, Mwanga na Ujiji. Nitakueleza kinachoonekana ukiwa upande huo. Na nikuambie mapema ninachoamini baada ya kuisoma barua yako mara mbili: shirika lile halijawahi kukusoma wewe. Limesoma majibu ya kijana wa steshenari.

Kabla ya hayo, tumalize la 80,000, maana hilo haliwezi kusubiri. Usilipe, hata akishuka mpaka 20,000, hata akikutumia barua yenye nembo na muhuri. Mashirika makubwa, Umoja wa Mataifa ukiwemo, yanaandika wazi kwamba hayatozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri: si ya maombi, si ya usaili, si ya kushughulikia makaratasi, si ya mafunzo. Na ndani ya mifumo hii hakuna faili linalopandishwa juu ya lingine kwa malipo. Najua kinachokutisha ni kwamba analijua jina lako na nafasi uliyoomba. Lakini fikiria karatasi zako zimepita wapi. CV yako, vyeti vyako na namba yako ya simu vimebaki kwenye kompyuta ya steshenari ambayo watu ishirini kwa siku wanaikalia, na majibu yako yako kwenye imeili ambayo haifungwi. Simshutumu kijana yule. Nasema tu kwamba kujua jina lako hakuhitaji mtu awe ndani ya shirika. Ujumbe wake na namba yake vitume kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli, na kama ulishampa hela hata kidogo, nenda polisi na muamala wako mkononi siku hiyo hiyo.

Sasa turudi usiku ule wa saa tano kasoro.

Watu wanadhani upande wa pili kuna kompyuta yenye akili inayosoma CV na kumpenda huyu na kumchukia yule. Zipo programu za siku hizi zinazojaribu kupanga waombaji kwa alama, lakini jibu linalokuja ndani ya dakika tatu kwa kawaida lina sababu rahisi zaidi. Mwajiri anapotangaza nafasi kwenye mfumo, anaandika maswali mafupi ya kujibiwa ndiyo au hapana, au ya kuchagua kwenye orodha. Sisi tunayaita maswali ya mchujo. Anapoyaandika, anauambia mfumo papo hapo ni jibu lipi linafunga mlango. Nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi: unaandika swali, unaweka alama pembeni ya jibu lisilokubalika, unaendelea na kazi nyingine. Kuanzia hapo mfumo ni kama mlinzi wa getini aliyeambiwa asiye na kitambulisho asipite. Hatazami sura yako, wala hajui ulisoma nini. Mwombaji akibonyeza jibu lile, barua ya pole inatoka yenyewe. Waajiri wengine huuambia mfumo ukae na barua hiyo siku moja au mbili ili isimuumize mtu kwa haraka. Huyo wako hakufanya hivyo. Kwa namna fulani amekusaidia, maana ile haraka inatuonyesha tatizo liko wapi. Liko kwenye jibu moja au mawili ya fomu. CV yako haikufunguliwa.

Jibu lipi? Siwezi kuiona fomu yako, lakini nina washukiwa wanne, na nitawapanga kwa jinsi nilivyowakuta mara nyingi.

Wa kwanza ni swali la kibali cha kazi. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Gungu aliniletea simu yake, amekataliwa mara tano, anataka nimwangalizie. Nikamwambia, anza upya maombi mbele yangu, usiniulize kitu, jaza kama unavyojazaga. Akajaza vizuri tu, jina, simu, elimu. Akafika kwenye swali la Kiingereza lililouliza kama atahitaji kudhaminiwa na mwajiri sasa au baadaye. Kidole gumba kikasimama juu ya kioo kidogo, halafu akabonyeza ndiyo. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa moyo mweupe: "Si wanauliza kama nahitaji udhamini? Nahitaji." Kwake udhamini ulikuwa ule wa kulipiwa ada ya shule, na nani mwenye shida ataukataa? Lakini swali lile linamlenga mgeni. Linauliza kama mwajiri atalazimika kukuombea kibali cha kufanya kazi nchini. Kila alipobonyeza ndiyo, alikuwa anajiandikisha kuwa si Mtanzania, kwa nafasi iliyotangazwa kwa Watanzania tu. Mara tano. Wewe ni raia, unaomba kazi nchini kwako: jibu lako ni kwamba huhitaji udhamini, na pale wanapouliza kama unaruhusiwa kisheria kufanya kazi Tanzania, jibu ni ndiyo. Maswali haya mawili mara nyingi hufuatana na majibu yake ni kinyume, ndiyo maana mtu mwenye haraka anayabonyeza yote sawa.

Mshukiwa wa pili ni neno diploma. Hili linaniuma kwa sababu linawaangusha watu waliosoma. Mifumo mingi ya aina hii imetengenezwa Marekani, na kule "High School Diploma" ni cheti cha kumaliza sekondari. Kwetu diploma ni stashahada ya chuo, ngazi ya 6 kwenye mfumo wa NTA wa tuzo za vyuo vya kati. Sasa orodha inashuka, macho yanatafuta neno diploma, linaonekana, linabonyezwa. Mtu aliyekaa chuoni miaka mitatu anakuwa amesema ameishia sekondari, na kama nafasi inataka elimu ya chuo, mlango umefungwa. Chagua ngazi yoyote iliyo juu ya sekondari na chini ya shahada. Kila mfumo unaiita kwa jina lake. Kama haipo kabisa, chagua "nyingine", halafu kwenye nafasi ya maandishi uandike wazi: stashahada, NTA ngazi ya 6, jina la chuo, mwaka. Usijipandishe kwenye shahada ili upite getini, maana vyeti vitakuja kuulizwa.

Wa tatu ni tarehe. Tuseme ulianza kujitolea tarehe 5 Januari 2023 ukamaliza 28 Februari 2024. Hiyo ni karibu miezi 14, na nafasi inataka mwaka mmoja. Kijana wako ameandika 05/01/2023 kama tunavyoandika sisi. Mfumo wa Kimarekani unatanguliza mwezi, kwa hiyo umesoma tarehe 1 Mei. Haukulalamika, kwa sababu mwezi wa tano upo. Alipoandika 28/02/2024 ukawaka nyekundu, kwa sababu hakuna mwezi wa 28. Akaigeuza ile ya mwisho, ya kwanza akaiacha. Sasa una miezi kumi. Hujafika mwaka, na hakuna mtu aliyekosea kwa makusudi. Fungua kalenda ndogo iliyo pembeni ya kisanduku uchague tarehe kwa kubonyeza, usiichape, kisha usome mwezi kwa jina lake kabla ya kuendelea.

Wa nne, kazi ya kujitolea. Nimeona wengi wakiulizwa miaka ya uzoefu wanaandika sifuri kwa sababu hawakulipwa mshahara. Kama ulikuwa na msimamizi, ulikuwa na majukumu, na yupo mtu wa kuthibitisha, miezi yako 14 ni uzoefu. Iandike mahali pa ajira, cheo ukiite kwa jina lake, afisa ustawi wa jamii wa kujitolea au vyovyote ulivyoitwa, na usifiche kwamba ulijitolea. Kijana wa steshenari hajui kama uliandika ripoti za watoto, kama uliwatembelea nyumbani, kama ulikaa na mama aliyepotelewa na mtoto njiani. Atajuaje? Anajaza kile kinachoiruhusu fomu iende ukurasa unaofuata.

Kuhusu CV na maneno meupe. Rafiki yako ana ukweli nusu. Mfumo huchota maandishi kwenye CV yako na kuyamwaga kwenye visanduku, na afisa ajira anaweza kutafuta neno, kwa mfano "ulinzi wa mtoto", aone nani analo. Kwa hiyo ni kweli kwamba ukilifanya jambo, liite kwa jina linalotumika kwenye tangazo. Lakini ile takwimu inayozungushwa mitandaoni kwamba mashine zinatupa asilimia 75 ya CV kabla ya mtu kuziona haina utafiti nyuma yake; ilienezwa na biashara ya kuuza huduma za kurekebisha CV. Na hayo maneno meupe, mfumo ukishayachota, rangi inapotea. Mimi ninayesoma nayaona yote, meusi, yamerundikana chini kama matangazo ya ukutani, na kuanzia hapo sikuamini tena hata pale uliposema kweli. Usifanye.

Tatizo la CV za kwetu ninalolikuta zaidi ni jingine. CV imechapwa vizuri, ikaprintiwa, ikapigwa picha kwa simu, ndiyo ikapandishwa. Kwa macho ni CV, kwa mfumo ni picha ya karatasi, haina hata herufi moja ya kuchota. Ijaribu hivi: ifungue kwenye simu, bonyeza neno moja kwa muda kidogo uone kama linachagulika. Lisipochagulika, rudi kwenye faili la Word ulilochapia, lihifadhi moja kwa moja kama PDF. Vyeti viskani, havina njia nyingine, CV isiskaniwe. Na uondoe yale majedwali ya safu mbili na picha ya pasipoti pembeni. Yanapendeza kwenye karatasi, ila yakichotwa mwaka wa chuo unaangukia kwenye jina la mdhamini wako, yule wa kukuthibitisha kwa mwajiri.

Ukishapita getini, sasa ndipo binadamu anaingia, na hapa nikuambie ukweli usiopendeza sana. Nafasi moja ya Kibondo au ya kambi ya Nyarugusu inaweza kuvuta mamia ya maombi, na anayeyasoma ni mtu mmoja au wawili wenye kazi nyingine. Nilikuwa nafungua orodha, nasoma majibu ya fomu kwanza, kisha sehemu ya kazi ya mwisho, kisha barua. Nikishapata wanane au kumi wanaofaa kabisa, kasi yangu ilikuwa inapungua. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyo kazi ile, na wenzangu wengi wakikaa kusema kweli watakiri hivyo. Kwa hiyo kutuma siku ya mwisho usiku kunakugharimu hata kama mfumo unakubali. Halafu saa yenyewe ya mwisho inaweza isiwe yetu. Kama tangazo linasema usiku wa manane kwa saa za London wakati wa baridi, kwetu ni saa tisa usiku. Kama ni New York, kwetu kumekucha. Likiandikwa saa za nchi iliyo mashariki yetu, dirisha linafungwa sisi bado tunakula chakula cha usiku. Tuma ndani ya siku tatu nne za mwanzo, mchana, intaneti ikiwa haijabanana.

Na hizo mara 14. Uliomba nafasi zipi? Hukunitajia, ila nimeshaona akaunti nyingi za aina hiyo: ustawi wa jamii, halafu ghala, halafu lishe, halafu msaidizi wa ofisi, halafu dereva. Mfumo unatunza historia yote, na ninayesoma ombi lako la leo naiona ile safu ya jana. Mtu aliyeomba kila kitu anaonekana hajui anachokitaka, hata kama ukweli ni kwamba ana njaa ya kazi na haoni aibu. Kama kumi kati ya hizo 14 hazikuwa za fani yako, hukukataliwa mara 14. Umekataliwa mara nne, na pengine zote nne kwa jibu moja lile lile linalorudiwa, kwa sababu mifumo mingi hukumbuka majibu ya mwanzo na kuyajaza yenyewe kwenye ombi linalofuata.

Shangazi usimpuuze, lakini usimfuate mpaka mwisho. Zipo nafasi zinazotangazwa wakati tayari kuna mtu anayezikalia kwa mkataba mfupi, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayezipata, kwa kuwa kazi anaijua. Zipo pia ofisi zenye upendeleo usio na haya. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliwahi kufanya usaili kwenye ofisi moja nikaja kugundua aliyechukuliwa hakukaa hata kwenye chumba cha mtihani. Najua uchungu wake. Lakini nimeajiri kwa mikono yangu mabinti na vijana ambao sikuwajua, waliotoka Heru Juu na Kalinzi, waliokuja na CV ya kurasa mbili na majibu yaliyonyooka. Kufahamiana kuna namna yake halali: yule msimamizi wako wa zamani anajuana na maafisa wa mashirika mengine kwa sababu wanakaa vikao pamoja. Akikuambia nafasi inakuja kabla haijatangazwa, au akikubali kuwa mdhamini wako na kupokea simu wakimpigia, huo si wizi. Mwombe.

Sasa akaunti. Hili ndilo ningependa ulifanye kabla ya jingine lolote. Fungua imeili yako mwenyewe, kwa jina lako, namba ya siri uijue wewe peke yako, iunganishe na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Kisha nenda steshenari mchana, kaa na yule kijana, aingie kwenye akaunti ya shirika lile, na ndani ya mipangilio abadilishe imeili iwe yako. Akikuletea uzito au akiwa amesahau neno la siri, fungua akaunti mpya kwa imeili yako. Baadhi ya mifumo haipendi mtu awe na akaunti mbili, kwa hiyo waandikie watu wa msaada wa tovuti sentensi mbili: ya zamani ilifunguliwa kwa imeili ya mtu mwingine, naomba ifungwe. Jiulize tu: mara ngapi uliitwa kwenye mtihani wa mtandaoni wenye muda wa saa 48, ujumbe ukaishia kwenye imeili ya kijana aliyekuwa amesafiri kwenda Mwanza?

Simwoni kijana yule kuwa mbaya. Wilayani kwetu steshenari ndizo zimebeba watu ambao mtandao haukuwafikiria. Endelea kumlipa, ila mlipe kwa kuchapa, kuskani na kupunguza ukubwa wa mafaili. Kujibu usimwachie. Swali usilolielewa lipige picha, nenda nalo nyumbani, mwulize mwalimu wa Kiingereza au mtumie msimamizi wako wa zamani, kesho yake urudi. Mifumo mingi inakuruhusu kuhifadhi ombi bila kulituma. Simu ikiganda, fungua tovuti kwa kivinjari kingine, futa picha na video zilizojaza nafasi, au omba kutumia kompyuta ya chuo ulichosoma. Vyuo vingi bado vinawapokea wahitimu wake.

Majina nayo uyaangalie. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Ramadhan na kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Ramadhani, au umeacha jina la katikati mahali fulani, kwenye fomu andika kama ilivyo NIDA na uwe hivyo hivyo kila mahali. Kadi kama haijatoka, ile namba ya tarakimu 20 kwa kawaida inatosha pale fomu inapoiuliza. Tofauti ya herufi moja mwanasheria anaimaliza kwa kiapo. Jina zima likiwa tofauti, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au marekebisho kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya. Sisi wa mikoa ya mpakani tunajua maswali ya uraia yanavyoweza kurefusha hili, kwa hiyo usingoje barua ya kuitwa kazini ndipo uanze.

Usichanganye haya na Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Nafasi za serikali zina utaratibu wake: huko namba ya NIDA ni lazima, barua inatakiwa iwe na sahihi yako, na matokeo ya muda hayapokelewi mahali pa cheti. Waombaji wengi wa huko huangushwa na barua waliyosahau kusaini au cheti walichopandisha mahali pasipo pake. Kama una akaunti huko iliyofunguliwa na kijana yule yule, ikague kwa namna hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siyawezi, na hapo nenda kwa miguu. Kama una ulemavu unaokuzuia kutumia fomu, ofisi ya shirika ya Kasulu au Kibondo iende ukaiambie, maana mashirika makubwa mengi huweka njia nyingine kwa mtu kama huyo. Wakati upo hapo soma ubao wa matangazo getini, nafasi nyingine za muda mfupi huanzia pale. Na kama siku moja utafika kwenye usaili, ukaulizwa kama una mimba au ukaambiwa asili yako si ya hapa na ukanyimwa kazi kwa hilo, jua kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamlinda hata mwombaji kazi, hakingoji uwe umeajiriwa. Peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60, ukiwa umeandika tarehe na maneno yaliyosemwa.

Uliniuliza uendelee au uache. Kwenye shirika lile, pumzika kwanza na usitume ombi la kumi na tano mpaka akaunti iwe mkononi mwako. Ukishaingia, fungua orodha ya maombi ya zamani, lifungue lile la usiku ule, na uteremke mpaka kwenye maswali ya ndiyo na hapana. Anza na la udhamini, kisha elimu, kisha tarehe yako ya kuanza kujitolea. Mfumo ukikataa kukuonyesha majibu ya zamani, anzisha ombi jipya la nafasi yoyote ya fani yako uone kimejijaza nini, usitume. Ukikuta kosa, nafasi ile imeshapita, lakini inayofuata ya ustawi wa jamii iombe wiki ile ile inapotangazwa. Ukikuta majibu yote yako sawa, niandikie tena na unitumie lile tangazo lenyewe, tulisome pamoja mstari kwa mstari.